Msiendeshe kwa Kumwangalia Mwamuzi

Wanangu madereva wa Bukoba na Muleba, wa Noah, wa Hiace na wa bodaboda, kuna maneno niliyoyasikia stendi ambayo yamenikaa kichwani kuliko honi zenu zote. Aliyasema yule kijana mnayemwita Max, mwenye Noah ya kwenda Rwamishenye, ambaye kila Jumapili yenye mbio za langalanga hapatikani kwa simu hata kwa abiria wa kukodi. Alisema hivi: "Tata, hata huko Ulaya waamuzi hawana msimamo. Leo ukimbana mtu unaachwa, kesho unapigwa. Kwa hiyo ukiona mwanya, ingia. Mwamuzi atajijua mwenyewe."

Wenzake walicheka, wakagongeana mikono. Sikumjibu pale pale, maana mzee akijibu haraka huonekana amekasirika, na aliyekasirika hasikilizwi. Namjibu leo, na ninyi wengine mkae humo humo. Nusu ya kwanza ya maneno yake ni kweli tupu. Nusu ya pili ndiyo inayonifanya nishike kiti cha mbele kwa mikono miwili kila nikipanda magari yenu.

Nianze na ukweli wake, asije akasema mzee hajui langalanga. Mjukuu wangu amenionyesha kwenye simu mbio za zamani na za sasa, na mengine nilikuwa nikiyasoma kwenye magazeti ya Dar es Salaam yaliyotufikia kwa meli yakiwa na siku kadhaa. Mwaka 1994, mbio za mwisho wa msimu zilikuwa Adelaide, Australia. Michael Schumacher alikuwa akimwongoza Damon Hill kwa pointi 1. Schumacher akagusa ukuta, gari likayumba, Hill akaona mwanya akaingia, na Schumacher akamfungia. Magari yote mawili yakaishia hapo, na Schumacher akawa bingwa wa dunia. Waamuzi wakasema ni ajali ya mbio, hakuna adhabu. Miaka 3 baadaye, Jerez, Hispania, zikawa tena mbio za mwisho, tena Schumacher mbele kwa pointi 1, safari hii dhidi ya Jacques Villeneuve wa Kanada. Villeneuve akaingia kwa ndani, Schumacher akamgeuzia usukani. Gurudumu lake likagonga ubavu wa gari la mwenzake, kisha yeye mwenyewe akanasa kwenye changarawe huku Villeneuve akiendelea hadi kuchukua ubingwa. Waamuzi wa siku ile nao walisema ni ajali ya mbio. Ni shirikisho lenyewe, FIA, lililomwita baadaye, likamfutia nafasi yake ya pili katika msimu mzima, na likamtaka ashiriki kampeni ya usalama barabarani.

Kwa hiyo ni mtu yule yule na ujanja ule ule. Mara ya kwanza alipata taji, mara ya pili akafutwa. Mimi naona tofauti kubwa ni kwamba mara ya kwanza ujanja ulifaulu na mara ya pili ulishindwa, na hiyo si sheria. Kabla yao, Ayrton Senna na Alain Prost waligongana Suzuka miaka miwili mfululizo. Mwaka 1989 Senna aliondolewa kwenye ushindi kwa kukata njia baada ya mgongano. Mwaka 1990 alimgonga Prost kwenye kona ya kwanza kabisa, hakuadhibiwa, akawa bingwa, na mwaka uliofuata akakiri kwa mdomo wake kwamba alikusudia.

Na ya majuzi Max wetu anayajua kuliko mimi. Oktoba 20, 2024, Austin, Marekani, Lando Norris alimpita Max Verstappen kwa nje zikiwa zimebaki mizunguko michache. Wote wawili walitoka nje ya mistari. Norris akapigwa sekunde 5 kwa kumpita mtu nje ya njia, akashuka kutoka nafasi ya 3 hadi ya 4. Verstappen, aliyechelewa kufunga breki hadi naye akatoka nje, hakuguswa. Siku 7 baadaye, Mexico, watu wale wale. Verstappen akambana Norris kona ya 4, akambana tena kona ya 8, vyote katika mzunguko mmoja, na waamuzi wa huko wakampa sekunde 10 mara mbili.

Kwa nini Austin hivi na Mexico vile? Sababu mojawapo ni kwamba waamuzi hubadilika. Kila mbio zina jopo lake la watu watatu au wanne, kwa kawaida mmoja wao akiwa dereva mstaafu, na wengi wao kazi hiyo si ajira yao ya kila siku. Sababu nyingine imo katika maandishi yenyewe, na hii isikilizeni vizuri kwa sababu inafanana sana na tabia zenu. Mwongozo wao wa mwaka ule ulitazama gari lipi lilikuwa mbele pale kona inapokatika zaidi. Aliyetangulia hapo ndiye aliyehesabiwa mwenye haki ya kona. Ni kanuni nzuri mpaka ikutane na mtu mwerevu. Mwerevu anachelewesha breki makusudi, anafika pale kabla ya mwenzake, haki anayo mkononi, ingawa kwa kasi ile hawezi tena kubaki barabarani. Anatoka nje, na mwenzake anatoka naye. Ametimiza maandishi neno kwa neno, na kona imeharibika. Mwamuzi mmoja anasoma maandishi, mwingine anatazama kona. Hapo ndipo mnapopata hukumu mbili kwa kitendo kimoja.

Haya, hadi hapo mimi na kijana wangu tuko pamoja. Tunaachana kwenye lile neno lake, "kwa hiyo".

Adhabu ambayo kiasi chake kinajulikana, na kuja kwake hakuna uhakika, dereva haiogopi. Anaipigia hesabu. Kevin Magnussen wa Denmark, aliyekuwa akiendeshea timu ya Haas, alitufundisha somo hili lote katika msimu mmoja. Machi 2024, Jeddah, alikuwa tayari amepigwa sekunde 10 mara mbili, mbio zake zimekwisha. Akaona kwamba deni ameshalipa, basi alitumie. Akawazuia waliokuwa nyuma yake, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mwenzake wa timu, Nico Hülkenberg, akapata nafasi ya kuingia kubadili matairi na kutoka akiwa bado mbele yao. Timu ikaondoka na pointi 1. Mei, Miami, kwenye zile mbio fupi za Jumamosi, akafanya tena. Safari hii alimzuia Lewis Hamilton kwa kukata kona na kutoka nje ya mistari, akajikusanyia sekunde 35 za adhabu, na alipoulizwa akasema waziwazi kwamba zilimstahili. Nampenda mtu anayesema wazi. Lakini mtu anayekiri kosa huku akicheka, ujue bei ameiona nafuu.

Pamoja na sekunde zile, waamuzi walikuwa wakimwandikia pointi kwenye leseni. Ukifikisha 12 ndani ya miezi 12, mbio zinazofuata unazitazama kwenye televisheni. Septemba, Monza, Italia, aligusana kidogo na Pierre Gasly. Gasly mwenyewe alisema halikuwa jambo la kuadhibiwa. Waamuzi wakampa Magnussen pointi 2, zikatimia 12. Mbio za Azerbaijan akakaa nje, wa kwanza kufungiwa tangu utaratibu huo uanze 2014, na kiti chake akakikalia kijana Oliver Bearman.

Tazameni ni nini kilichomfungia. Jeddah haikumfungia, wala Miami, mahali alipofanya makusudi mbele ya dunia nzima. Alifungiwa na mguso ambao hata aliyeguswa hakuulalamikia. Wanaosema alionewa Monza wana hoja. Ila leseni yenye pointi 10 humwacha mtu mikononi mwa mwamuzi yeyote atakayeamka vibaya siku hiyo, na pointi zile 10 hakuna aliyemsukuma kuzichuma. Waamuzi wasio na msimamo ndio sababu kubwa kuliko zote ya kutodaiwa nao chochote, kwa kuwa hujui ni yupi atakayekuja kukusanya.

Na sisi huku tuna bei zetu. Faini ya barabarani ni 30,000 kwa kosa. Bodaboda na bajaji walipunguziwa mwaka 2021, kutoka 30,000 hadi 10,000. Nimemsikia deiwaka mmoja akiipanga siku yake kabla hajawasha gari: mafuta hivi, hesabu ya tajiri hivi, trafiki 30,000, kinachobaki changu. Faini imewekwa foleni moja na mafuta, kama ushuru wa mnadani, inalipwa na biashara inaendelea. Mtu wa namna hiyo hawezi kukwambia leo ameadhibiwa. Atakwambia leo gharama zimepanda.

Halafu kuna tochi, ile ya askari ya kupimia mwendo. Mnawashiana taa kutoka mbali, tochi ipo mbele, na ghafla gari zima linakuwa na adabu. Mshale unashuka hadi 50, konda anarudi ndani na kufunga mlango, hata muziki unapungua. Mkishampita askari, mama aliyekuwa ameanza kusali anaanza upya. Nimewauliza wengi wenu kibao cha 50 kwenye makazi kimewekwa kwa ajili ya nini, na jibu ninalopewa ni majina ya sehemu tochi inapopenda kukaa. Hakuna aliyenitajia mtoto hata mmoja. Ndiyo maana nasema mnaendesha kwa kumwangalia mwamuzi. Siku asipokuwepo, hamna tena kinachowaongoza.

Schumacher alipotoka njiani Jerez, changarawe ilikuwa imewekwa pale kumpokea. Norris aliposukumwa nje Mexico, alitua kwenye nyasi, akarudi njiani, akamaliza wa 2. Kati ya Kemondo na Muhutwe hakuna aliyewawekea changarawe. Nje ya mstari wa barabara pale kuna mtu anayesukuma baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi, kuna mwanafunzi mwenye dumu, kuna bibi anayetoka kanisani na mwavuli wake. Mkimbana mwenzenu kwenye kona, anayesukumwa nje ya barabara anaenda kwa hao.

Na kwa kuwa nimeitaja Kemondo, niwaambie jambo ambalo wengi wenu mlilikuta kwenye hadithi. Mei 1996 meli ya MV Bukoba iliondoka mjini Bukoba jioni, ikapitia Kemondo kuchukua abiria wengine na mizigo, ikaelekea Mwanza. Ilijengwa kubeba abiria 430. Asubuhi ya tarehe 21, Mwanza ikiwa karibu, ikapinduka, na zaidi ya watu 800 wakafa. Hakuna mtaa katika mji huu ambao haukuweka matanga. Kujaza kupita kiasi halikuwa jambo lililoanza usiku ule. Sisi wa zamani tulivyozoea, meli kujaa ilikuwa ndiyo dalili ya safari nzuri, na aliyebaki bandarini ndiye aliyeonewa huruma. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Ninapomsikia kijana akisema "mbona jana hawakunikamata", huwa siwezi kucheka naye, na sasa mnajua kwa nini.

Msifikiri nawaambia mwendeshe kwa uoga. Dereva mwoga ni hatari vile vile, huyo anayefunga breki katikati ya kona kwa sababu ameona kivuli. Mimi nimeendesha lori la kahawa kutoka Kamachumu wakati barabara ni udongo mwekundu, na udongo ule ukinyeshewa haukubali mtu mwenye kusitasita. Ukali una mahali pake. Julai 1, 1979, Dijon, Ufaransa, Gilles Villeneuve, baba yake huyu Jacques niliyemtaja, alipigania nafasi ya pili na René Arnoux mizunguko ya mwisho wakigusana magurudumu mara kadhaa, huyu anapita, yule anarudi. Mwombe mjukuu yeyote akutafutie video yake kwenye simu. Itazame mara mbili, na mara ya pili usitazame magari, tazama nafasi iliyo kati yao. Kila mmoja, hata akiwa amekata tamaa, alimwachia mwenzake upana wa gari. Walipomaliza hakuna aliyekwenda kushitaki, wala waamuzi hawakuwa na la kufanya. Huo ni ukali. Kumsukuma mwenzako nje ni jambo jingine, hata kama linafanywa kwa kasi ile ile.

Mwaka huo huo wa 1979 una hadithi nyingine, nayo ni ya kwetu zaidi. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalikuwa yameingia Kagera mwishoni mwa 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa, wenzetu wa ng'ambo ya mto wakakimbia na godoro kichwani. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Pasaka ya wiki hiyo hiyo, kule Kenya, Safari Rally ilishindwa na mtu aliyezaliwa Uganda, Shekhar Mehta, ambaye familia yake ilihamia Kenya baada ya Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Aliishinda Safari mara 5: 1973, kisha miaka minne mfululizo kuanzia huo wa 1979. Mpaka leo hakuna aliyempita.

Lakini ninayotaka muikumbuke ni ile ya 1973. Safari ya enzi zile haikuwa ya kuzunguka uwanja. Gari lilitoka Nairobi likapita barabara zile zile za malori na ng'ombe, kituo hadi kituo, na kila dakika uliyochelewa kituoni iliandikwa kuwa pointi ya adhabu. Hakuna aliyekuuliza umechelewa kwa matope, kwa pancha au kwa twiga. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, yakafika 7. Aliyekuwa na adhabu chache ndiye bingwa, basi. Mwaka 1973 Mehta na Harry Källström wa Sweden, wote wakiwa na Datsun, walimaliza wakiwa na pointi sawasawa kabisa za adhabu. Kanuni ya kuvunja sare ikaamua: aliyekwenda mbali zaidi bila kupata adhabu hata moja ndiye mshindi. Akawa Mehta. Alishinda kwa usafi wa mwanzo wa safari, wakati ambapo hakuna aliyejua kwamba usafi huo utahesabiwa. Baadaye akawa kiongozi wa tume ya mbio za rally ndani ya FIA, yaani akahamia upande wa watunga kanuni.

Sisemi Safari ilikuwa ya malaika. Palikuwa na malalamiko, rufaa, na ubishi wa saa za vituo. Ila saa haikuwa na rafiki. Ndiyo maana mtu kama Joginder Singh, fundi wa Kenya, aliweza kuzishinda timu za viwanda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha tumika, na Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akaileta Tanzania ushindi wa 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Gari la aina ile lilikuwa teksi katika nusu ya miji ya Afrika Mashariki. Tulipokuwa wavulana tulimjua Shankland kuliko tulivyomjua mkuu wa wilaya.

Sasa niwageukie ninyi mnaolalamika kwamba adhabu hazina mizani, kwa sababu na ninyi ni waamuzi. Wana bodaboda wa kijiwe walinipa daftari lao la faini nilitazame, kisha niwaandikie kanuni. Nimelisoma lote, hadi kurasa zenye mafuta ya mnyororo. Aliyemchomekea mwenzake kwenye foleni ya abiria: 5,000. Wiki mbili mbele, kosa hilo hilo, mtu mwingine: 10,000. Mwezi uliofuata, kosa hilo hilo: "ameonywa". Pembeni, kwa kalamu nyingine, mtu ameandika "mtoto wa mwenyekiti". Waitu! FIA mnawasema nini? Wale kila wakihukumu hutoa karatasi, wanaeleza kosa, kanuni iliyovunjwa na sababu, ndiyo maana mmepata cha kubishania wiki nzima. Daftari lenu lina kiasi cha fedha tu. Asiyeelezwa sababu atajitengenezea ya kwake, na mara zote atatengeneza mbaya kuliko ile ya kweli.

Na kuna ukurasa ulionikera zaidi. Aliyepakia mshikaki, abiria wawili, akaovateki lori mlimani: 2,000. Yaani kumchukulia mwenzako abiria ni 10,000, na kuwaweka abiria wawili mbele ya lori ni 2,000. Nilipouliza, nikaambiwa, "Lakini hakuna aliyeumia, Tata." Hilo ndilo kosa la Adelaide na Jerez. Mnahukumu kilichotokea badala ya kitendo. Lori lingekuwa na kasi kidogo zaidi, mngemfungia yule kijana maisha, na yeye angekuwa amefanya kile kile kwa mkono ule ule wa kulia.

Kwa hiyo kanuni nitakazowaandikia zitawauma, mjiandae. Kosa linalomweka abiria au mpita njia hatarini litakuwa zito kuliko kosa la foleni, awe ameumia mtu au la. Fedha nitaiondoa kwenye makosa hayo makubwa, kwa sababu mwenye pikipiki tatu ataitoa mfukoni bila kuhesabu na anayekabidhi hesabu kwa tajiri atakosa unga wa watoto. Badala yake mtu ataegesha, siku moja, tatu, au wiki, kulingana na mara alizorudia, na kila tukio litakaa kwenye daftari mwaka mzima kabla ya kufutwa. Kila hukumu itakuwa na mstari mmoja wa sababu, umesainiwa. Mwenye ndugu kwenye kesi atatoka nje, awe mwenyekiti wa sasa au wa zamani. Tutakosea bado, maana watakaohukumu ni watu. Lakini aliyehukumiwa atajua alihukumiwa kwa lipi, na mwenzake wa mwezi ujao atajua wa kulinganishwa naye.

Nimebaki na wewe, Max. Najua unaitamani kazi ya mbio kweli kweli, si ya stika kwenye kioo, na mimi sikukatazi. Langalanga ya Ulaya huanza mtoto akiwa na miaka sita au saba kwenye vigari vidogo, na baba mwenye fedha za kumwaga. Hilo limekupita, usijidanganye. Rally haijakupita. Huku magari huondoka moja moja kwenye barabara iliyofungwa, unashindana na saa, hakuna wa kumbana. Tanzania mashindano yapo, na chama cha magari cha nchi, AAT, ndicho kinachotoa leseni. Uganda wako mbele yetu, wana mashabiki wanaolala porini kusubiri gari lipite, na Charles Muhangi wao aliwahi kuwa bingwa wa Afrika mwaka 1999. Kutoka hapa Mbarara ni karibu kuliko Arusha. Usianze na usukani. Anza na kiti cha kushoto, cha msoma njia, yule anayemwambia dereva kona inayokuja ni kali kiasi gani kabla hajaiona. Mwaka mmoja wa kazi ile utakufundisha kuiheshimu kona ambayo leo unaingia ukitazama nani yuko pembeni yako.

Mashindano yakija Mbarara au Masaka, nitakuchangia nauli ya kupitia Mutukula. Usisimame upande wa nje wa kona hata kama picha ni nzuri, maana gari likishindwa hukimbilia huko. Tafuta sehemu ya juu, nyuma ya mti mnene. Washindi usiniletee, hao watatangazwa redioni. Wewe niletee orodha ya adhabu inayobandikwa ubaoni jioni: nani kaongezewa muda, kiasi gani, na sababu gani imeandikwa.